Kikosi kizito zaidi Kenya: Dhahabu 11 za Beijing au 12 za Keringet na Londiani?

Kuna ubishi umekaa kwenye base yetu hapa Section 58 tangu Septemba 2025, na mimi nimechoka nao. Leo nataka tuumalize, na wewe msomaji ndiye utakuwa refa.

Ulianza kwa mambo ya Wamarekani. Msee wetu mmoja anayeuza viatu vya mtumba hukesha akitazama besiboli kwa simu. Usiniulize alianzaje. Hapa Nakuru unaweza kupita Afraha mwaka mzima usione mtu ameshika gongo la besiboli. Lakini jamaa anaijua, na ndiye aliyetueleza kwamba mashabiki wa huko wana mchezo wao wa hesabu. Wanachukua kikosi cha timu, wale wapigaji tisa wanaopangwa siku ya mechi, halafu wanajumlisha homurani zote ambazo kila mmoja alipiga tangu aanze hadi alipostaafu. Homurani ni ule mpigo unaoutoa mpira nje ya uwanja kabisa, mpigaji anazunguka polepole akipunga mkono. Kikosi chenye jumla kubwa ndicho kinaitwa kizito.

Akatupa mfano. Hank Aaron alipiga 755 maishani. Eddie Mathews akapiga 512. Walicheza pamoja Braves kuanzia 1954 hadi 1966. Ukijumlisha unapata 1,267, watu wawili tu.

Halafu akaweka simu chini na kutangaza kama mtu anayesoma matokeo ya uchaguzi: "Kenya kikosi kizito ni kile cha Beijing 2015, kuruka viunzi. Hakuna kingine. Mkinipinga leteni hesabu."

Nikampinga. Tukawekeana chapo mbili na madondo, kwa wiki nzima, kwa atakayeshinda. Ukicheka hizo ni chapo tu, basi hujui bei ya unga.

Sasa sheria tulizokubaliana, maana bila sheria ubishi wa riadha huwa hauishi. Tunahesabu dhahabu pekee. Ziwe za Olimpiki au za Riadha za Dunia, zile za uwanjani. Mbio za nyika, Diamond League, Jumuiya ya Madola na ubingwa wa Afrika hazimo. Wanariadha lazima wawe walivaa jezi ya Kenya katika shindano moja, siku moja, mbio moja. Na kama Wamarekani, tunahesabu dhahabu za maisha yote, alizopata kabla ya siku hiyo na alizokuja kupata baadaye. Mbio fupi tumeziacha nje, kwa sababu ukimruhusu Usain Bolt aingie na zake 19, za kupokezana vijiti zikiwemo, ubishi umeisha na chapo zimepoa.

Tuanze na kesi ya huyu muuza viatu, kwa sababu ni kesi nzuri.

Agosti 24, 2015, uwanja wa Kiota cha Ndege, Beijing, fainali ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kenya ilikuwa na wanaume wanne. Ezekiel Kemboi, umri miaka 33, mtu wa Marakwet, mtu wa nywele za mitindo na densi baada ya mbio. Brimin Kipruto, miaka 30. Conseslus Kipruto, miaka 20. Na Jairus Birech. Walivuka utepe kwa mpangilio huu: Kemboi, Conseslus, Brimin, Birech. Wa kwanza mpaka wa nne, wote Wakenya, wote ndani ya sekunde mbili. Kama ulikuwa na runinga siku hiyo unakumbuka. Kama hukuwa nayo, ulisikia kelele kutoka kwa jirani.

Hesabu yao sasa. Kemboi ana dhahabu mbili za Olimpiki, Athens 2004 na London 2012, pamoja na nne za dunia mfululizo: 2009, 2011, 2013 na hiyo ya 2015. Jumla 6. Brimin ana ya dunia ya Osaka 2007 na ya Olimpiki ya Beijing 2008, jumla 2. Conseslus alikuja kuchukua Olimpiki ya Rio 2016, kisha dunia 2017 na 2019, jumla 3. Birech hana. Sita na mbili na tatu: 11.

Kumi na moja, manze. Kuna mataifa makubwa ambayo yametuma timu kwenye Olimpiki miaka mingi bila kufikisha dhahabu hizo katika riadha nzima.

Lakini rudi kwa Aaron na Mathews kidogo. Kuna kitu muuza viatu alikiruka. Hizo 1,267 ni za maisha yao yote. Zile walizopiga wakiwa timu moja ni 863. Nyingine Mathews alizipiga kabla Aaron hajafika, na nyingi Aaron alizipiga Mathews akiwa ameshaondoka. Ni vivyo hivyo kwa Babe Ruth na Lou Gehrig wa Yankees: jumla yao ya maisha ni 1,207, lakini wakiwa pamoja ni 859. Yaani kikosi kizito kwenye karatasi kina watu ambao siku ile wamechoka, au bado hawajaiva.

Fanya hivyo kwa Beijing uone. Wanaume hao waliposimama kwenye mstari, kabla ya bastola kulia, Kemboi alikuwa na 5 na Brimin 2. Conseslus alikuwa na sufuri. Alikuwa kijana aliyepata fedha Moscow 2013 nyuma ya Kemboi, na dakika nane baadaye angepata fedha nyingine nyuma ya Kemboi yule yule. Kwa hiyo mfukoni walikuwa na 7, si 11. Dhahabu tatu za Conseslus tunazozihesabu leo kwa mbwembwe zilikuwa bado kwenye miguu yake.

Na kuna Rio. Muuza viatu hapendi nikitaja Rio, kwa sababu inaharibu hadithi yake. Agosti 2016, Kenya ilipeleka watatu: Kemboi, Brimin, Conseslus. Ni wale wale wenye 11, ila safari hii wako watatu badala ya wanne. Kwa karatasi, kikosi cha Rio ni kizito kuliko cha Beijing kwa kila kichwa. Hata mfukoni walikuwa wamenona zaidi, dhahabu 8 kabla ya kuanza.

Matokeo? Conseslus alishinda kwa rekodi ya Olimpiki, 8:03.28. Evan Jager wa Marekani akawa wa pili. Kemboi akamaliza wa tatu, na akatangaza kwamba anastaafu. Baadaye Wafaransa wakakata rufaa kwamba alikanyaga nje ya laini, akaondolewa, shaba ikaenda kwa Mahiedine Mekhissi. Kemboi naye akabatilisha kustaafu, na 2017 akarudi uwanjani. Brimin hakukaribia medali. Kikosi kile kile cha dhahabu 11 kilisafisha nafasi nne za kwanza mwaka mmoja, na mwaka uliofuata kikaondoka na medali moja.

Hapo ndipo nilipotoa karata yangu.

Panda matatu hapa stage uende Molo, halafu ushike barabara ya Olenguruone. Baridi inaanza kukuuma masikio, unaona viazi, maziwa kwenye mitungi, watoto wa shule wakikimbia kando ya lami. Hapo ni Keringet, kaunti yetu hii hii ya Nakuru, ingawa wasee wengi wa mjini hawajawahi kufika. Faith Kipyegon ni wa huko, kijiji cha Ndabibit. Mwaka 2010, akiwa msichana wa miaka 16, alikimbia mbio za nyika za dunia kwa vijana bila viatu, akamaliza wa nne. Mwaka uliofuata akarudi, tena bila viatu, akashinda.

Ukirudi Molo na kutokea Mau Summit, ukifuata barabara ya Kericho, unafika Londiani. Huko ndiko kwa Beatrice Chebet. Kati ya Keringet na Londiani ni mwendo mfupi wa gari, misitu ya Mau iko karibu na wote wawili.

Hesabu ya Faith: Olimpiki tatu mfululizo za mita 1,500, yaani Rio 2016, Tokyo iliyofanyika 2021, na Paris 2024. Dunia: mita 1,500 mwaka 2017, 2022, 2023 na 2025, pamoja na mita 5,000 mwaka 2023. Jumla 8. Hesabu ya Chebet: Paris 2024 alichukua mita 5,000 na 10,000, na Tokyo 2025 akachukua tena mita 5,000 na 10,000. Jumla 4.

Nane na nne ni kumi na mbili. Watu wawili.

Na wamesimama pamoja kwenye fainali ya mita 5,000 mara tatu: Budapest 2023, Paris 2024, Tokyo 2025. Wakenya wengine waliokimbia nao katika fainali hizo hawaongezi kitu kwenye hesabu hii, kwa hiyo jumla inabaki 12 mara zote tatu. Ila mfukoni ni tofauti kabisa, na hapa ndipo napenda hizi namba.

Budapest, Faith aliingia na 5, moja ikiwa ya siku chache tu nyuma. Chebet hakuwa na hata moja. Faith akashinda, Sifan Hassan wa Uholanzi wa pili, Chebet wa tatu. Paris, Faith aliingia na 6, Chebet bado sufuri. Usiku huo Chebet akampita. Faith, wa pili, akaondolewa kwa kusukumana na Gudaf Tsegay wa Ethiopia, na baada ya rufaa akarudishiwa fedha yake. Dhahabu ya kwanza ya Chebet ilipatikana kwa kumshinda mwanamke aliyekuwa nazo 6.

Kisha Tokyo, Septemba 20, 2025. Chebet alikuwa ameshachukua mita 10,000 wiki hiyo, kwa hiyo alikuwa na 3. Faith alikuwa ameshachukua 1,500, kwa hiyo alikuwa na 8. Waliposimama kwenye mstari walikuwa na 11 mfukoni. Sikiza vizuri: hizo ni zile zile 11 za Beijing, ila Beijing ilibidi tungoje mpaka 2019 ndipo zitimie. Hawa walikuja nazo. Na si kwamba mmoja alikuwa amezeeka na mwingine hajaiva. Julai 5 mwaka huo huo, huko Eugene, Marekani, wote wawili walivunja rekodi ya dunia siku moja. Chebet alikimbia mita 5,000 kwa 13:58.06, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 14. Faith akakimbia 1,500 kwa 3:48.68.

Tokyo Chebet akashinda, Faith wa pili, nyuma kwa chini ya sekunde moja. Ile 11 ikawa 12.

Kwenye base kukawa kimya. Nikaanza kuulizia chapo.

Muuza viatu hakukubali. Alienda, akakaa siku mbili, akarudi na Waethiopia. Huu ni uhuni, kwa sababu ubishi ulikuwa wa Kenya, lakini nitakupa hesabu yake kwa sababu ni ya kweli na inauma. Athens 2004, fainali ya mita 10,000 ya wanaume. Kenenisa Bekele ana dhahabu 8 za maisha: tatu za Olimpiki, tano za dunia. Haile Gebrselassie ana 6: mbili za Olimpiki, nne za dunia. Walikimbia pamoja siku hiyo, Bekele akashinda, Haile akawa wa tano. Jumla 14. Jirani yetu ametupita.

Bado haitoshi. Tirunesh Dibaba ana 8, Meseret Defar ana 4. Nane na nne, sawa kabisa na Faith na Chebet, mpaka unadhani mtu alinakili. Na hao wawili walikutana kila mahali: Athens, Helsinki, Beijing, London. Mara Defar mbele, mara Tirunesh mbele.

Nikamwambia sawa, lakini angalia mfukoni. Athens 2004, Haile alikuwa na 6 zote tayari na Bekele alikuwa na moja tu, ya Paris 2003. Yaani 7. Nusu ya ile 14 ilikuwa bado haijazaliwa, na mwenye nusu nyingine alikuwa anaelekea nje. Ni Beijing 2015 tena, kwa lugha ya Kiamhari. Kwa wale wote nilioweza kuwapiga hesabu, sijapata kikosi cha mbio ndefu kilichosimama kwenye mstari na zaidi ya 11 za Tokyo.

Sasa kuna kitu kimenisumbua tangu nianze hesabu hizi, na sijui kama kinasaidia upande wangu.

Ni zile sufuri.

Birech nilimtaja kwa neno moja tu, "hana". Huyu jamaa mwaka 2014 ndiye aliyekuwa na kasi kuliko wote duniani, 7:58.41 huko Brussels, akabeba Diamond League na ubingwa wa Afrika. Alikuwa ndani ya kikosi kizito zaidi cha kuruka viunzi, akamaliza ndani ya sekunde mbili za Kemboi, na mchango wake kwa jumla ni sufuri. Ukimtoa, 11 inabaki 11.

Kuna Paul Kipsiele Koech. Mei 2012 alikimbia 7:54.31 huko Rome, akabeba Diamond League 2010, 2011 na 2012. London hiyo hiyo ya 2012 hakuchaguliwa. Maisha yote ana shaba moja ya Olimpiki, ya Athens. Dhahabu sufuri.

Brimin mwenyewe ana 2, lakini Monaco 2011 alikimbia 7:53.64. Rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa 7:53.63. Sehemu moja ya mia ya sekunde. Na aliyeishikilia rekodi hiyo ni Saif Saaeed Shaheen, mtoto wetu wa Keiyo aliyekuwa anaitwa Stephen Cherono kabla ya kwenda Qatar 2003. Dhahabu zake mbili za dunia, 2003 na 2005, alizipata akiwa mbele ya Kemboi, na kwa sheria zetu haziingii Kenya. Angebaki, Athens 2004 ingekuwa kitu kingine. Lakini angebaki pengine Kemboi naye asingefika 6. Hesabu za "angebaki" nimekataa kuzifanya.

Halafu Barcelona 1992. Kenya ilichukua nafasi tatu za kwanza kuruka viunzi: Matthew Birir, Patrick Sang, William Mutwol. Dhahabu za maisha za kikosi hicho kizima ni moja, ile ya Birir siku hiyo. Moja! Mtu mwenye uzito alikuwa Moses Kiptanui, bingwa wa dunia 1991, 1993 na 1995, na hakuwa kwenye timu. Wiki mbili hazikuisha baada ya fainali, Kiptanui akavunja rekodi ya dunia huko Zurich. Kwa hiyo kikosi chepesi kabisa kwa hesabu yetu ndicho kilichojaza jukwaa lote, na mtu mzito alibaki nyumbani.

Sang alipata fedha Barcelona, na fedha za dunia 1991 na 1993. Mara tatu wa pili. Ukimweka kwenye mchezo huu wa Wamarekani hana hata homurani moja.

Leo Sang yuko Kaptagat na saa mkononi. Ndiye kocha wa Eliud Kipchoge, na ndiye kocha wa Faith Kipyegon, zile 8.

Nilipomwambia muuza viatu hilo, alinyamaza, akaniuliza kama kwa sheria zetu kocha anahesabiwa. Nikasema hapana. Akasema basi na chapo hazihesabiwi, kwa sababu Faith na Chebet bado wanakimbia na huwezi kufunga jumla ya mtu ambaye hajastaafu. Tumebishana hapo karibu saa nzima. Mwishowe tukakubaliana tusubiri Riadha za Dunia za 2027, ambazo zinarudi Beijing.

Ameanza kudai kwamba ikifanyika Beijing, chochote kitakachopatikana kihesabiwe upande wake.